Ushauri: Nafundishaje habari za Rais darasa la sita bila kuonekana napiga kampeni?

Mwl wa Mbagala
Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha Uraia na Maadili shule ya msingi huku Mbagala, darasa la sita. Watoto 112, madawati hayatoshi, wengine wanakaa chini. Tukifika mada ya Rais wanaimba majina bila kukosea: Nyerere, Mwinyi, Mkapa, Kikwete, Magufuli, Samia. Geuza swali kidogo tu, kimya. Juzi nimeuliza kazi ya Rais ni nini, mmoja kajibu, "Kupita barabarani, sisi tunasimamishwa." Darasa zima likamuunga mkono.

Mwaka jana nilijaribu uchaguzi wa darasani. Kosa langu, niliwaacha watumie vyama vya kweli. Kesho yake mzazi yuko ofisini kwa mwalimu mkuu, anataka kujua kwa nini mwanawe karudi na jina la chama limeandikwa kwa biki mkononi. Nikajieleza, yakaisha, ila tangu hapo naandika ubaoni, wananakili, basi. Nina vipindi viwili vya dakika 40. Nipeni cha kuwafanyisha. Natanguliza shukrani.

Kobe wa Tandika
Mwalimu, uchaguzi haukuwa na kosa, vyama ndivyo vilivyokuponza. Weka matunda: Chama cha Embe, cha Nanasi, cha Papai. Usiruhusu mtoto agombee bila tunda, kwa sababu kwetu hakuna mgombea binafsi, lazima chama kikupendekeze.

Halafu gawa darasa: upande wa dirishani Bara, wa mlangoni Zanzibar. Mgombea akitoka dirishani, mwenza wake atoke mlangoni. Wataelewa Muungano kuliko ukiandika ukurasa mzima. Boksi la sabuni linatosha kuwa sanduku la kura.

Mimi nilipofanya, Embe alipata 45, Nanasi 36, Papai 27, nne zikaharibika (mmoja alichora mpira). Nikamtangaza Embe. Makelele! "Mwalimu, wengi hawajamtaka!" Hapo ndipo penye somo. Katiba yetu inampa ushindi aliyewazidi wenzake kura, hata asipofika nusu. Wakenya wanadai zaidi ya nusu, na asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Waache wabishane ipi bora, wewe kaa pembeni.

Chumvi Nyingi
Mtihani hauulizi maembe. Kamilisha silabasi dada, mengine hayo ni ya shule za ada.

Bibi Ubao
@Chumvi Nyingi mwanangu, nimefundisha miaka 31, na hao wanaonakili tu ndio wanaoandika kwenye mtihani kwamba Rais anatunga sheria.

Mwalimu, kura umepata, sasa mtumie huyo rais. Darasa liwe Bunge, lipitishe muswada mmoja unaowagusa, tuseme wa uji wa saa nne. Rais ama atie saini, ama aurudishe na sababu zake. Akiurudisha, hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi sita, isipokuwa theluthi mbili ya wabunge wote waunge mkono. Wakizipata, ana siku 21 asaini au avunje Bunge. Iko ibara ya 97. Kwa watoto 112, theluthi mbili ni 75. Wahesabu wenyewe, na hesabu imeingia humo.

Mwisho mtoe rais nje ya darasa, uulize: akifariki, nani anashika? Watakujibu Spika au Waziri Mkuu. Wakumbushe Machi 2021: Magufuli alifariki tarehe 17, tarehe 19 Samia, aliyekuwa Makamu, akaapishwa.

Mpiga Debe Mstaafu
Muda ukibaki wape sarafu. Ya 100 ina Nyerere, ya 200 ina Karume. Waulize kama Karume alikuwa Rais wa Tanzania. Wengi watasema ndiyo, kumbe alikuwa Rais wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais kwenye Muungano. Ila zihesabu kabla na baada 😂

Mwl wa Mbagala
MREJESHO. Jana nimefanya. Nanasi kashinda, binti mmoja mpole ambaye sijawahi kumsikia akijibu swali. Muswada wa uji ukapita kwa kelele, akausoma taratibu, akaurudisha. Sababu kaandika kwenye karatasi ya daftari: "Haujasema sukari inatoka wapi." Bunge likatafuta kura 75, likaambulia 61. Kengele ikagonga wakiwa bado wanabembelezana.

Sarafu ya 200 moja haijarudi.

Mpiga Debe Mstaafu
Nilisema mimi.