Nyuzi za besi za bei nafuu hapa Mombasa: zipi zifungwe badala ya zile ghali?

BesiLikoni
Assalam aleikum jamani. Nawauliza wapigaji besi wa Mombasa na Pwani nzima. Mie wikendi napiga hotelini Diani, siku nyingine ni harusi, taarab na ule muziki wetu wa bango. Gitaa langu ni la nyuzi 4, urefu wa kawaida wa inchi 34. Miaka yote nimefunga Elixir kwa sababu binamu yangu alikuwa akiniletea kutoka ng'ambo. Sasa amerudi nyumbani moja kwa moja, na kununua mwenyewe nimeshindwa. Huko Marekani pakiti moja ya besi inapita dola 35. Tia nauli ya mzigo, ushuru na VAT ya asilimia 16, hela ya shoo imekwisha.

Ninazoziangalia ni Alice za Uchina, ambazo ndizo rahisi kuliko zote. D'Addario EXL170 au Ernie Ball Slinky, ambazo kule ni dola 20 na kitu. Au niende kwa flati kabisa, zile nyuzi laini zilizozungushiwa utepe bapa, ingawa sijawahi kuzifunga. Jukwaa la hotelini linatazama bahari, upepo wa chumvi unatupiga uso usiku mzima, na kaskazi ikiingia jasho halikauki. Sihitaji sauti inayong'ara sana. Nataka noti isikike na uzi usife upesi. Mwenye uzoefu anisaidie.

KijanaBamburi
Kaka, chukua Alice, funga, piga kazi. Zikichoka zichemshe, zinarudi kama mpya. Ukipata hela ya ziada tafuta Ernie Ball Hybrid Slinky, zile za unene wa 45 mpaka 105 (sehemu za elfu za inchi, uzi mwembamba mpaka mnene). Uzi wa E unakuwa na nguvu na ule wa G bado unavutika.

FundiMwembeTayari
BesiLikoni, karibu. Kabla ya majina ya pakiti, tuangalie kwanza kinachoua uzi.

Uzi wa besi una kiini cha chuma katikati, na juu yake umezungushwa waya mwingine. Vitu vitatu vinaumaliza. Mafuta na uchafu wa vidole hujaa kwenye mianya ya ule waya, uzi ukawa mzito sehemu moja kuliko nyingine, na sauti ikafifia. Kutu inaingia, na hapa kwetu haina subira, kwa sababu hewa ya bahari ina chumvi na unyevu pamoja. La tatu, chuma chenyewe huchoka, na pale kinapokutana na freti, vile vyuma vya shingoni, huchimbika vijishimo kwa chini. Pitisha kidole chini ya uzi wa zamani utavisikia. Dalili nyingine: gusa uzi juu ya freti ya 12 upate ile sauti nyembamba ya kengele, kisha bana palepale upige noti ya kawaida. Kama sauti hizo mbili zilikuwa zikilingana na sasa hazilingani, uzi umekwisha.

Elixir inatengenezwa na W. L. Gore, kampuni ileile ya Gore-Tex, kitambaa kisichopitisha maji. Unacholipia ni utando mwembamba uliofunika uzi mzima, mianya pamoja. Utando huo unazuia uchafu na unachelewesha kutu. Kuchoka kwa chuma hauzuii. Mpigaji mwenye mkono mzito, au anayetumia plekta (kile kibapa cha kupigia), anaununua utando kisha anaukwangua mwenyewe. Kwa mpigaji wa vidole laini unalipa. Kwa hiyo binamu yako hakuwa akikuletea anasa, zilikuwa zikikufaa kweli.

Sasa hizi nyingine. Nyuzi zinazoitwa nikeli kwa kawaida ni chuma kilichopakwa nikeli. EXL170 na Slinky ziko humo. Zina sauti nzuri, hazili sana freti, lakini nikeli ikishakwanguka, chuma cha chini kinashika kutu. Nyuzi za chuma kisichoshika kutu, kama Rotosound Swing Bass 66 za Uingereza, zinaivumilia hewa ya bahari vizuri zaidi. Ila zinang'ara sana na zinakula freti haraka kuliko nikeli. Kubadilisha freti ni gharama kubwa kushinda pakiti nyingi za nyuzi, na kazi hiyo naifanya mimi, kwa hiyo najua ninachosema.

Kwa hesabu, usiangalie bei ya pakiti peke yake. Igawanye kwa miezi ambayo sauti bado inakufaa. Pakiti ya theluthi ya bei ikidumu theluthi ya muda, hujaokoa chochote, na juu yake umepoteza jioni za kufunga na kutyuni upya. Ikidumu nusu ya muda, hapo umepata faida.

BintiKisauni
Shukran fundi kwa darasa hilo. Mie napiga kanisani, besi ya nyuzi 5, na kwetu sisi hesabu inabadilika kidogo. Kwenye pakiti za bei ya chini kabisa, nyuzi za juu mara nyingi hazina neno. Shida huwa kwenye ule uzi wa B, ulio mnene kuliko zote. Ukiwa dhaifu unanguruma tu, hujui kama umepiga B au C, na kwaya inapoteza mahali pa kusimama. Ndiyo maana kwa nyuzi 5 sishauri kushuka chini ya zile za bei ya kati. EXL170-5, za 45 mpaka 130, zinatosha kabisa kwa ibada.

Ila BesiLikoni, wewe wa nyuzi 4 una nafasi pana zaidi. Na kabla ya kununua chochote, anza na kufuta. Kila baada ya kupiga, chukua kipande cha kanga kuukuu kikavu, kiingize chini ya uzi na juu yake, ufute kuanzia daraja mpaka kichwani. Nawa mikono kabla ya kupiga pia, hasa harusini baada ya biriani. Ndani ya mkoba wa gitaa weka vile vifuko vidogo vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Havigharimu kitu, na kwa hewa yetu hii naviamini sana.

MzeeWaBango
Wanangu, salaam. Nawasikiliza, na naona flati mmeipita haraka.

Besi ya Fender Precision ilipotoka mwaka 1951, nyuzi zake zilikuwa flati. Hizi za waya wa duara zilishika kasi miaka ya 1960, pale Rotosound walipomtengenezea John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, nyuzi za kung'ara. Flati inazungushiwa utepe bapa wa chuma badala ya waya wa duara. Mianya haipo, uchafu hauna pa kujificha. Sauti yake ya kung'aa inaondoka mapema, kisha uzi unatulia palepale kwa muda mrefu mno. James Jamerson, aliyepiga besi nyingi za Motown, kampuni ya kurekodi kule Detroit, alifunga flati za La Bella, nene, na alikuwa habadilishi mpaka uzi ukatike.

Sasa nikuulize, mwanangu. Katika bango, besi inafanya nini? Inatembea chini ya saksofoni, noti fupi, ya duara, yenye tumbo. Katika taarab ndiyo kabisa, besi ikilia kwa chuma inagombana na kinanda na sauti ya mwimbaji. Kwa muziki unaoupiga wewe, flati si nyuzi za kushikilia kwa sababu hela haipo. Ndizo zenyewe. Bei yake ni kubwa kuliko za duara, hilo kweli, lakini unanunua mara moja, miaka inapita.

KijanaBamburi
Mzee wangu, shikamoo. Naheshimu, ila hotelini watalii wanaomba kila kitu, na kwa flati slapu, ile ya kupiga uzi kwa kidole gumba, haitoki vizuri. Ukiwa na gitaa moja tu, flati zitakufunga kwenye mtindo mmoja. Za duara unaweza kupunguza mng'aro kwa kitasa cha toni, lakini kwa flati huwezi kuongeza mng'aro usiokuwepo. Na ukichemsha nyuzi zako, unaokoa pesa nyingi.

MzeeWaBango
Marahaba mwanangu. Kwa slapu umesema kweli, flati hazikutengenezewa hiyo.

FundiMwembeTayari
Kuhusu kuchemsha. Maji ya moto yanatoa mafuta, na sauti inarudi kweli, ila hairudi kwa muda mrefu. Na maji yanapenya mpaka kwenye kiini, palepale panapoogopewa kutu. Mtu wa bara mwenye hewa kavu anaweza kuwahi kuzikausha. Hapa Mombasa zinalala na unyevu. Bora spiriti: tafuta bomba la plastiki lenye mfuniko pande zote mbili, tia nyuzi na spiriti, ziache usiku kucha, kisha zitoe ufute na uanike mpaka zikauke. Spiriti inakauka haraka, haiachi maji. Fanyia kazi hiyo nje, mbali na jiko na sigara, maana inashika moto upesi. Na kumbuka inaondoa uchafu tu. Uzi wenye vijishimo au kutu hauponi kwa spiriti wala kwa maji. Za utando na zenye nailoni juu usiziingize humo.

SautiNyali
Natoka upande wa mitambo, nawasikia ninyi wote kupitia spika. Ukumbi wa harusi uliojaa watu, besi imepita kwenye mikseta na spika kubwa, tofauti ya uzi mpya na uzi wa miezi miwili hadhira haiisikii. Wanayoisikia ni noti isiyolingana na gitaa. Kwa kazi za aina hiyo pesa yako iweke kwenye nyuzi zinazoshika tyuni, mng'aro ni wa studio.

Jambo la pili, jihadharini na bandia. Majina makubwa yanaigwa, D'Addario na Elixir yakiwa mbele. Bei ikiwa nusu ya bei ya kila mahali, simama uulize. Pakiti halisi za D'Addario huwa na namba ya siri ndani ambayo unaihakiki kwenye tovuti yao. Pakiti ya Alice ya kweli ni bora mara nyingi kuliko D'Addario ya uongo, kwa sababu angalau unajua ulichonunua.

BesiLikoni
Nawashukuru sana, wazee na ndugu. Maneno ya Mzee yameniingia, maana nikihesabu shoo zangu, slapu ni wimbo mmoja au miwili kwa usiku. Naelekea kwenye flati. Lakini zile nene za Jamerson naziogopa. Shingo ya gitaa langu itahimili? Na mitaro ya kale kamfupa ka juu ya shingo je, lazima ichongwe?

FundiMwembeTayari
Usianze na zile nene za 52 mpaka 110. Tafuta D'Addario Chromes ECB81, ni 45 mpaka 100, vipimo sawa na EXL170. Kwenye gitaa lililozoea unene huo mitaro haihitaji kuguswa. La Bella nao wanazo nyepesi, 43 mpaka 104. Thomastik za Austria ni laini zaidi kuvutika, ila bei yake itakurudisha kulekule ulikotoka.

Flati nyingi zina mkazo kuliko za duara za unene uleule, kwa hiyo shingo inaweza kuinama kidogo mbele. Ile fimbo ya chuma ndani ya shingo ikazwe robo mzunguko tu, kisha gitaa lipumzike mpaka kesho ndipo uangalie tena. Ukilazimisha mizunguko mikubwa kwa mara moja unaweza kuikata. Wakati wa kufunga, kunja uzi kwanza kwenye funguo, ndipo ukate mkia uliobaki. Ukikata kabla ya kukunja, utepe unaweza kufumuka na uzi umekufa kabla haujalia. Mwisho, sogeza vile vitandiko vya darajani mpaka noti ya freti ya 12 ilingane. Nyuzi ulizotoa usitupe, zifute uziweke kama akiba ya dharura.

BintiKisauni
Chromes mara nyingi inabidi ziagizwe kupitia Nairobi, na mzigo ukipakiwa basi la usiku asubuhi uko hapa. Nauli ya kifurushi ni moja, kiwe na pakiti moja au kumi. Mie naagiza EXL170-5 mwisho wa mwezi. BesiLikoni, nikuwekee ECB81? Mwingine anayetaka kuingia aandike hapa kipimo, idadi ya nyuzi, na kama besi yake ni ya inchi 34 au ile fupi ya 30, maana nyuzi ndefu kwenye besi fupi zinabidi zikatwe pale penye waya mnene na zinaharibika.

BesiLikoni
Niwekee ECB81 moja, inchi 34. Na wikendi hii narudi kwenye kanga na silika.

MzeeWaBango
Binti yangu, na mie niandikie pakiti moja kama hiyo. Uzi wangu wa G umeanza kulia vibaya.