Rovu la mgonjwa wa nyanda za juu: E01 au E04?

Karani wa Kumbukumbu:
Ndugu zangu, nawasalimu. Ninatunza kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali moja ya Mkoa wa Njombe. Majalada mengi ya wagonjwa wa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, hunifikia yakiwa na neno moja tu la daktari, "goita", bila maelezo ya chanzo. Kwa kuwa Nyanda za Juu Kusini zimejulikana tangu zamani kwa upungufu wa madini joto (iodini), mwenzangu huyapa yote msimbo E01.2, wa rovu linalotokana na upungufu huo, ilhali mimi huyapa E04.9, wa rovu lisilobainishwa, hivyo wagonjwa wa aina moja wanahesabiwa katika mafungu mawili kutegemea meza walikopitia. Ni nani kati yetu anayekosea?

Mkaguzi wa Madai:
Karani, kwa jalada la namna hiyo wewe ndiye uliye sahihi. Katika ICD-10, yaani orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, anayeandika E01 hataji uvimbe peke yake, bali anatamka pia kwamba umesababishwa na upungufu wa madini joto, na tamko hilo ni la daktari. Akilitoa, basi tezi iliyovimba yote kwa usawa ni E01.0, yenye vinundu vingi ni E01.1, na E01.2 hubaki kwa rovu ambalo aina yake haikutajwa. Tezi iliyopungua kazi ukubwani kwa sababu hiyo hiyo huenda E01.8, lakini ikiwa mgonjwa hana dalili za wazi na upungufu huo wa kazi ya tezi umeonekana kwenye kipimo cha damu tu, msimbo ni E02. Mtoto aliyeathirika tangu tumboni ana kundi lake, E00, na akiwa na ulemavu wa akili huongezewa msimbo wa F70 hadi F79. E04 nayo inakataza waziwazi kuingiza rovu la upungufu wa madini joto, kwa hiyo misimbo hii miwili haiwezi kubadilishana nafasi.

Tabibu wa Wilaya:
Nakubaliana na Mkaguzi kuhusu kanuni, ila naomba kosa liwekwe mahali pake, yaani kwetu matabibu. Tukiandika "goita" na kunyamaza, E04.9 inakuwa sahihi kwenye karatasi huku ugonjwa wa eneo zima ukifichika ndani yake, na jambo hilo linaniumiza.

Hata hivyo, anwani ya mgonjwa si uthibitisho. Chumvi yenye madini joto imekuwa ikisambazwa nchini tangu miaka ya 1990, na mtu wa Njombe anaweza kuvimba shingo kwa ugonjwa wa Graves au wa Hashimoto, ambapo kinga ya mwili hushambulia tezi, au kwa saratani. Wala kipimo kimoja cha madini joto kwenye mkojo hakitoshi, kwa sababu kinaonyesha alichokula mtu siku za karibuni. Kiwango cha mikrogramu 100 kwa lita kinachotajwa mara nyingi ni cha kupima hali ya jamii, si cha kumhukumu mtu mmoja. Mimi humuuliza mgonjwa alikulia wapi na anatumia chumvi gani nyumbani, kisha nachunguza visababishi vingine kabla ya kuandika "rovu la upungufu wa madini joto".

Jihadharini pia na mgonjwa wa vinundu vya muda mrefu ambaye tezi yake inaanza kufanya kazi kupita kiasi baada ya kupata madini joto, kama ilivyotokea Zimbabwe na mashariki mwa Kongo katika miaka ya 1990. Huyo ni wa E05, kwa kawaida E05.2, hata kama rovu lake lilianza kwa upungufu.

Karani wa Kumbukumbu:
Nawashukuru sana. Tumekubaliana na mwenzangu kuyarudisha kwa daktari majalada yote ya miezi mitatu iliyopita, na yale ambayo chanzo chake hakitathibitishwa yatapewa E04.9. Nimemwomba pia mganga mfawidhi aruhusu mstari wa "chanzo" uongezwe kwenye fomu ya kliniki, ili swali hili liulizwe mgonjwa akiwa bado amekaa mbele ya daktari.