Marangu, Machame au Lemosho: kwa anayetaka mandhari na historia ya Kilimanjaro, apite wapi?

Mtoto_wa_Majengo: Wakuu habari za jioni. Mimi na wenzangu tumezaliwa hapahapa Moshi, Kibo tunauona tangu utoto ila hatujawahi kuukanyaga, sasa Desemba tumeamua. Wengine wanataka Marangu kwa sababu ya vibanda, wengine Machame, mmoja kang'ang'ania Lemosho. Tunataka kuuona mlima wenyewe, siyo kukimbilia kilele tu. Ipi?

Mpagazi_Mstaafu: Machame, mkuu. Siku ya kwanza msitu na matope, ya pili mnatokea Shira, ya tatu mnapanda hadi Lava Tower kama mita 4,600 halafu mnashuka kulala Barranco chini ya 4,000, na hiyo kupanda juu ukalala chini ndo inazoesha mwili. Pale Barranco angalieni miti ya senesio, majani yake yakikauka hayadondoki, yanabaki yamelizunguka shina kama koti, ndo yanalikinga na baridi ya usiku. Asubuhi yake ni ule ukuta wa mwamba wa Barranco, kuna sehemu lazima ulikumbatie jiwe ndo upite. Kushuka mnatokea Mweka kwa hiyo hamrudii njia.

Kihamba_Marangu: Nakubali kwa mandhari, ila historia iko Marangu. Mjerumani Hans Meyer alishindwa kufika kileleni mwaka 1887, akarudi 1889 na Ludwig Purtscheller, safari hiyo akaweka kambi zenye chakula sehemu mbalimbali za mlima ili wakikwama wasilazimike kushuka mpaka chini kabisa, tarehe 6 Oktoba wakafika juu. Na sisi huku tunamtaja Mzee Yohani Kinyala Lauwo kama mwongozaji wa msafara ule. Kileleni wakapaita kwa jina la Kaiser, mfalme wao, mpaka 1961 Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge pakawa Uhuru. Watu wanaidharau Marangu eti rahisi, wanakwenda siku tano, kichwa kinawapasuka wanarudia kwenye kibanda cha Kibo. Chukueni sita, siku ya ziada mlale tena kibanda cha Horombo, mtembee hadi Zebra Rocks mkiitazama Mawenzi, kile kilele cha pili. Mawenzi yenyewe haikupandwa hadi 1912, ile miamba inamomonyoka sana.

Dada_Njiro: Kwetu Arusha tunasema anzeni na Meru jamani, mita 4,566, chini huko mnapishana na twiga na nyati, askari wa bunduki mnaye, na kukicha mkiwa kule juu mnaiona Kilimanjaro yote mbele yenu. Lemosho nzuri sana, inakatiza uwanda wote wa Shira kabla ya kuungana na Machame, ila siku nyingi na hela nyingi. Mimi naona msibishane njia, bishaneni siku.

Mtoto_wa_Majengo: Asanteni sana. Tumekubaliana Machame siku saba, na kabla ya hapo tutaenda geti la Marangu kuona lile bamba la Meyer. Mzee wetu mpagazi, Desemba tubebe nini?

Mpagazi_Mstaafu: Makoti ya mvua ya kweli, siyo ya nailoni za sokoni, na soksi kavu mzifunge kwenye mfuko usiopitisha maji. Halafu mjue kambi ya Karanga ndo maji ya mwisho, kambi ya Barafu hakuna maji kabisa, yote wapagazi wanapanda nayo kichwani, kwa hiyo mkifika pale msiyatumie kunawa miguu.