Kuonana na muuguzi wa saratani kwa video: tuandae nini tukiwa Rombo?

MwanaRombo
Wakuu habari. Mama ana saratani ya titi, ameshapasuliwa, sasa anapata dripu za kemo (dawa za kuua saratani) Moshi kila wiki tatu. Muuguzi wa saratani amependekeza katikati ya mizunguko waonane kwa video ya WhatsApp, kumpunguzia safari. Tuandae nini? Na yapi hayafai kungoja video?

Nesi_Kiboriloni
Pole kwa kuuguza. Kabla ya simu pimeni joto, uzito na mikono, mwandike. Joto lipimwe kabla ya panadol, maana panadol huficha homa. Mikono yote miwili ipimwe kwa futi ya fundi cherehani: anza kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, panda kila sentimita 10, andika mzunguko wa mkono. Upande uliopasuliwa ukizidi mwenzake kwa sentimita 2 au zaidi, huenda maji ya limfu (maji ya mwilini yasiyopata njia ya kutoka) yanajikusanya. Kwa video tofauti hiyo haionekani, ndiyo maana namba ni muhimu.

Dawa zote ziwe mezani, hata za mitishamba. Wagonjwa wengi huzificha hizo wakiogopa kugombezwa, na baadhi hugongana na kemo. Kama anatumia mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, soma lebo kwa sauti: nguvu yake, na ml ngapi kila baada ya saa ngapi. Taja pia mara ya mwisho kupata choo, kwani mofini hufunga choo.

FundiSimu_Arusha
Mkalishe mchana akitazama dirisha. Likiwa mgongoni kwake, uso unakuwa kivuli. Na taa ya njano usiku inaficha umanjano wa macho. Kidonda cha mdomoni au mshono usitegemee video, mtandao ukishuka picha inavurugika. Piga picha ya kawaida kwa kamera ya nyuma, weka rula pembeni, itume kabla ya simu. Kwenye mipangilio ya WhatsApp zima ile ya kubana data wakati wa simu. Picha za kifua zikishapokelewa zifute, na mkague hifadhi ya mtandaoni, simu nyingi hupakia zenyewe.

Nesi_Kiboriloni
La kutongoja: joto 38 au zaidi, hospitali hapo hapo hata kama ni usiku wa manane. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, huwa chini mno, na maambukizi yanaweza kuua ndani ya saa chache. Vivyo hivyo kutetemeka kwa baridi, kuhema kwa shida, mguu mmoja kuvimba, damu isiyokata. Palipoingia sindano pakiwa pekundu, pakiuma au pakitoa malengelenge, piga simu siku hiyo hiyo.

Kipimo cha damu cha FBP (kinachohesabu chembe za damu) kabla ya kila mzunguko kiko palepale. Ulizeni kama kinaweza kufanyika hospitali ya Huruma hapo Rombo, majibu yakatumwa Moshi.

MwanaRombo
Asanteni sana. Mama hasikii vizuri, nimjibie mimi?

Nesi_Kiboriloni
Hapana, mvalishe earphone za waya, ajibu mwenyewe, wewe ujazie. Muuguzi aambiwe mwanzoni nani wamo chumbani, kisha utoke dakika tano: kuna maswali ya mwili na ya ndoa ambayo mama hatayajibu mbele ya mwanawe. Mkubaliane pia simu ikikatika nani anapiga, na kwa namba ipi.