Seti za ndoana tano na sita: mnazihifadhije zisitatane, zitumike tena?

mshipi_mrefu

Wakuu, habari za jioni. Swali kwa wanaovua kwa mshipi wa mkono baharini.

Natengeneza seti za ndoana tano za changu na tasi. Uzi mkuu ni nailoni ya milimita 0.70, vitawi (nyuzi fupi zinazobeba ndoana) ni vya 0.50 vyenye urefu wa sentimita 25, na nafasi kati ya kitawi na kitawi ni sentimita 40. Chini kuna chubwi (risasi ya kuzamishia) ya gramu 150. Za vibua ni ndoana sita ndogo zenye manyoya. Nikimaliza kuvua nazungushia seti kwenye vidole, natia kwenye kopo la maziwa. Safari inayofuata kopo zima ni donge moja, na kukata kunakuwa rahisi kuliko kutatua. Nimejaribu ubao wenye pengo kila upande, ila ndoana zinachomoka na kunasana pembeni.

Nataka njia isiyo na vifaa vya dukani: seti ikae wiki mbili tatu, ikitolewa ianguke majini bila kugombana nayo. Pia nina dhulumati ndogo (kamba ndefu ya kutega yenye vitawi vingi) ya ndoana 80 hivi, nayo inanisumbua vilevile. Na kuosha je, ni lazima kila mara?

fundi_nailoni

Mkuu, kabla ya uhifadhi angalia seti yenyewe. Kitawi cha sentimita 25 kwenye nafasi ya 40 kinamfikia jirani yake: 25 na 25 ni 50. Ndoana mbili zikiweza kugusana zitashikana, iwe kwenye kopo au majini. Vitawi viwili vikinyooshwa kuelekeana visikutane. Punguza kitawi kiwe sentimita 15 hadi 18, au ongeza nafasi ifike 55. Kwa changu wa mwambani mimi ningefupisha kitawi, kwa sababu kitawi kifupi cha uzi mgumu kinasimama mbali na uzi mkuu, kirefu kinauzungukia.

Sasa cha kuzungushia. Tafuta soli ya kandambili iliyokufa, zile za sponji ngumu. Ikate vipande vya urefu wa sentimita 13 na upana wa 7 au 8. Soli ya mtu mzima inatoa viwili. Kila kichwa cha kipande kichonge mapengo matatu yenye umbo la V, kina cha nusu sentimita, ili uzi usiteleze kutoka pembeni. Mzunguko mmoja hapo unakula kama sentimita 30, kwa hiyo seti ya mita 2.3 inakwisha kwa mizunguko minane hivi.

Namna ya kuzungusha:

Toa chubwi kwanza. Chubwi isilale na seti hata siku moja: inauponda uzi, na ikitikisika inazing'oa ndoana ulizochomeka. Mwisho wa chini wa seti uwe na kitanzi cha kuivalisha na kuivua bila kukata.

Shika kitanzi cha chini kwenye pengo, anza kuzungusha. Zungusha kipande, usizungushe mkono kukizunguka. Hapa ndipo wengi wanapoharibu bila kujua. Ukipitisha uzi kwa mkono kukizunguka kipande ambacho kimetulia, kila duara linaingiza msokoto mmoja kwenye uzi. Mizunguko minane, misokoto minane, na yote inasubiri uilegeze ndipo ijifunge.

Ukifika kwenye fundo la kitawi, kilaze kitawi kuelekea kule unakozungushia, kivute kidogo kinyooke, kisha chomeka ncha ya ndoana kwenye unene wa soli, yaani ubavuni, si kwenye uso. Ndoana ya kwanza ubavu wa kushoto, ya pili kulia, hivyo hivyo hadi ya tano. Halafu endelea na uzi mkuu juu ya kitawi. Ncha izame mpaka kile kimeno chake kifunikwe, isitokeze upande wa pili.

Usikaze. Uzi ukikazwa unashika kona pale kwenye mapengo, na kona hizo ndizo zinazokatika samaki mzito akivuta. Ushike tu kiasi cha kutolegea. Malizia kwa kubana kitanzi cha juu na kipande chembamba cha tyubu ya baiskeli, kisha andika kwenye soli kwa kalamu ya wino usiofutika: "5 x na. 8, 0.70/0.50, m 2.3". Ukiwa na vipande kumi vinavyofanana utashukuru.

chubwi_tano

Nakubaliana na kandambili na hesabu ya vitawi. Sikubaliani na kuanzia chini.

Ukianza na kitanzi cha chini, kitanzi cha juu ndicho kinachobaki nje. Maana yake siku ya kuvua unaunganisha juu kwanza, kisha unafungua seti yote ndani ya chombo mpaka uifikie chubwi. Kwa mtu aliyesimama gatini ni sawa. Kwenye ngalawa au mtumbwi, seti ya mita mbili yenye ndoana tano wazi, miguu peku, upepo wa kusi, kamba na makasia kila mahali, hapo ni kutafuta kuumia.

Mimi ningeanza na kitanzi cha juu, cha chini kikabaki nje. Unavalisha chubwi, unaishusha majini taratibu, kipande kinazunguka mkononi, unachomoa ndoana moja moja kila inapofika zamu yake na kuitia chambo hapo hapo. Seti haigusi sakafu. Mwisho ndipo unaunganisha kitanzi cha juu na mshipi. Sharti ni moja: usiziteremshe ndoana mpaka usawa wa samaki kabla hujaunganisha, maana changu hasubiri, na kipande cha soli kikikutoka mkononi kinaondoka na seti yote. Funga kitanzi cha juu kwenye ngalawa kwa kijikamba wakati unateremsha.

Kuhusu seti za manyoya za vibua, soli ni nzuri ila chupa ya maji ya lita moja na nusu ni bora zaidi. Nailoni nyembamba ya 0.30 au 0.35 ikikunjwa kwenye ukingo mwembamba wa soli inatoka imejikunja kama springi, wakati chupa ina mzingo wa karibu sentimita 28 na uzi unatoka na mapinda mapana tu. Kata pete mbili za tyubu ya pikipiki, upana wa sentimita 2, uzivalishe chupa, moja juu moja chini. Tyubu ya pikipiki inabana chupa vizuri. Ya baiskeli ni nyembamba, ngumu kuivalisha. Zungusha seti katikati ya pete hizo, kila ndoana uiingize chini ya pete iliyo karibu, ncha ikitazama chupa. Kizibo kikazwe hewa ibaki ndani, chupa isibonyee. Na ikidondoka majini inaelea. Wakati wa kufungua, chupa izunguke. Ukiuvuta uzi utokee kichwani mwa chupa kama mtu anayevua sweta, misokoto ile ile inarudi.

Manyoya yakauke kwanza. Manyoya mabichi chini ya mpira yanalala upande mmoja na hayasimami tena, na ndoana inaota kutu ndani yake usikoona.

mshipi_mrefu

Asanteni sana wakuu, hesabu ya 25 na 25 sikuwa nimeitazama hivyo. Maswali mawili. Ndoana za chewa ni za ukubwa wa 5/0, mdomo wake ni mpana kuliko unene wa soli, zinatokeza. Na uzi wa 0.70 hata ukizungushwa taratibu unatoka na mikunjo. Mnaunyoosha vipi?

fundi_nailoni

Kwanza nimjibu chubwi_tano: kwa chombo kidogo ana haki, fuata yake. Yangu iwe ya gatini na ya fimbo.

Ndoana za 5/0 usizihifadhi zikiwa kwenye seti. Tengeneza uzi mkuu peke yake wenye vitanzi vya sentimita 2 kila unapotaka kitawi, na kila kitawi kiwe na kitanzi chake mwishoni. Kukivalisha unapitisha kitanzi cha uzi mkuu ndani ya kitanzi cha kitawi, kisha ndoana unaipitisha ndani ya kitanzi cha uzi mkuu, unavuta. Fundo linakaa limenyooka, vitanzi viwili vikishikana sawasawa. Likikaa vibaya, kitanzi kimoja kimeukaba kingine kama kabari, livue ulirudie, kwa sababu kitanzi kilichokabwa kinakatwa na mwenzake.

Uzi mkuu usio na ndoana unazungushwa kwenye chupa bila shida yoyote. Vitawi vinakaa kwenye ubao mwembamba wa sentimita 25: upande mmoja gundisha kipande cha soli, upande wa pili pigilia misumari midogo mstarini. Kitanzi kwenye msumari, ndoana kwenye soli, kitawi kimenyooka muda wote. Faida nyingine ni kwamba chewa akikuharibia kitawi unabadilisha hicho tu, seti inaendelea kuvua.

Mikunjo: lowesha uzi dakika kumi kwenye maji ya uvuguvugu ambayo mkono unavumilia, ushike pande mbili, uvute polepole ukihesabu mpaka kumi, uachie. Maji ya moto yanayochemka yanaulegeza uzi na mafundo. Wapo wanaousugua kwa kipande cha mpira mkavu. Unanyooka kweli, lakini msuguano unatoa joto linaloiunguza nailoni juu juu, na huoni kitu mpaka ikatike. Tumia kitambaa kilicholowa.

Sentimita kumi za kitawi zilizo juu ya ndoana zipitishe kwenye ukucha. Ukihisi mkwaruzo, au ukiona doa jeupe, kata. Kitawi kilichojisokota kama mzabibu baada ya kupigana na samaki hakinyooki tena, usikihifadhi.

migonzo_ziwani

Mimi niko Mwanza, kwetu dhulumati ndiyo migonzo ya sangara. Tatizo ni lile lile, ila hesabu ni kubwa.

Chukua dumu la mafuta ya kula la lita 20, lilaze, kata uso wake mpana wote wa juu. Unapata beseni refu lenye mzingo wa mita moja na robo hivi. Ukingo uvike mkanda wa soli ya kandambili au sponji ngumu uliofungwa kwa waya mwembamba uliopitishwa kwenye matundu. Vichwa vya waya vikunjwe kwa nje, vinginevyo kila kitawi kitanasa hapo. Ukichomeka ndoano kila sentimita moja na nusu, ndoano 80 zinaenea mzunguko mmoja. Usiongeze za safu ya pili juu ya ile ya kwanza. Chukua dumu lingine, kisha unganisha kamba za madumu mawili wakati wa kutega.

Kabla hujaingiza kitu, mwisho wa kwanza wa kamba uutoe nje ya dumu na uufunge kwenye mshikio. Huo ndio utakaounganishwa na dumu linalofuata, na ukifunikwa na kamba utalazimika kumwaga yote. Kisha laza kamba katikati kwa mtindo wa namba nane, si duara. Duara linaingiza msokoto upande mmoja kila mzunguko. Namba nane inasokota kulia kisha kushoto, inajifuta. Kila kitawi kikitokea, ndoano inakwenda ukingoni pembeni ya ile iliyotangulia, upande mmoja bila kuruka. Ndoano moja ikirukwa na kurudishwa nyuma, kitawi chake kinavuka vya wenzake, na siku ya kutega kinatoka na ndoano tano kwa mpigo. Mtu anayetega chombo kikiwa kwenye mwendo ndipo anapochomwa mkono.

Ndoano ya mwisho kuingia ndiyo ya kwanza kutoka, kwa hiyo dumu halimwagwi wala halipinduliwi. Ukikosa kitawi njiani, acha nafasi yake wazi ukingoni, utajua wapi pa kurudishia. Kwa usafiri funika kwa gunia lililolowa kidogo na ulifunge; gunia kavu linarushwa na upepo na ndoano zinalifuata.

chubwi_tano

Kuosha, maana hakuna aliyejibu: ndiyo, kila mara, kwa maji baridi yasiyo ya chumvi. Loweka seti ikiwa bado kwenye soli au chupa kama dakika kumi, kung'uta, ning'iniza kivulini. Jua linaidhoofisha nailoni, kwa hiyo paa la bati si mahali pa kuanikia. Baada ya saa chache chomoa ndoana, zipanguse ncha, uzichomeke pembeni kidogo ya tundu la zamani. Tundu la soli linashika maji ya chumvi, na ndoana inaota kutu nchani, pale pale inapotakiwa kuwa kali. Angalia na jicho la ndoana. Kutu ya hapo inaota meno yanayoukata uzi kwenye fundo.

Ndoana za chuma cha pua zisikae kopo moja na za kawaida zikiwa na unyevu, za kawaida zinaliwa haraka. Kopo lenyewe liwe la plastiki, na kijifuko cha kitambaa chenye mchele mkavu ndani kinasaidia msimu wa masika.

Chubwi zikae peke yake kwenye kopo lisilotumika kwa chakula. Ule unga mweupe unaoota juu yake ni sumu ya risasi, ukizishika osha mikono kabla ya kugusa chambo au mkate.

mshipi_mrefu

Nimekata kandambili tatu. Soli moja ni laini, ndoana ya namba 8 inachomoka kwa kuvutwa kidogo tu. Niitupe?

fundi_nailoni

Laini hivyo haitashika. Bandika mbili pamoja kwa gundi ya viatu, ndoana ipite kwenye mstari wa gundi, hapo ndipo pagumu. Gundi iachwe siku nzima ikauke na harufu iishe kabla hujazungushia uzi.