Msaada: dalali ananiharakisha niweke arubuni ya nyumba Hispania

Msafiri_Mpole: Wakuu, nimepata apatimenti Alicante, bei tumeelewana. Sasa dalali anataka nisaini mkataba wa arubuni, wao wanaita arras, na nilipe asilimia 10 kabla ya Ijumaa. Nikitaja wakili anasema notario, yaani ofisa wa kuthibitisha hati, ataangalia kila kitu, na nikimhitaji sana, yeye anaye wake. Naombeni ushauri.

Mzee wa Hati: Usisaini! Notario hamwakilishi mnunuzi wala muuzaji. Halafu unakutana naye siku ya kusaini escritura, hati rasmi ya mauzo, wakati arubuni ilishatoka zamani. Kwa arras za kujitoa, kifungu cha 1454 cha Kanuni yao ya Kiraia, ukighairi wewe hela imekwenda. Akighairi muuzaji anakurudishia mara mbili. Ila zipo arras za aina nyingine, unaweza kushtakiwa ukamilishe ununuzi. Lazima mtu wako ausome huo mkataba.

Bi Subira: Anza na nota simple, dondoo ya taarifa za nyumba kutoka Registro de la Propiedad, yaani rejista yao ya ardhi na nyumba. Unaiomba mtandaoni, gharama yake ndogo, inaonyesha mmiliki na rehani. Mimi ilinionyesha kuwa "mwenye nyumba" niliyekuwa nabishana naye bei ni mmoja wa ndugu watatu. Wawili hata habari hawana! Dalali alijua? Mungu ndiye ajuaye.

Mzee wa Hati: Na haionyeshi madeni ya ada za jengo. Dai cheti cha msimamizi wa jengo, maana deni la mwaka huu na la miaka 3 iliyopita linaifuata nyumba hata ikiuzwa.

Msafiri_Mpole: Asanteni. Na huyo wakili wa dalali?

Bi Subira: Anayemletea wateja ni nani? Tafuta wako, hakikisha yumo kwenye chama cha mawakili cha huko, ada akuandikie. Kama husafiri, mpe hati ya kukuwakilisha yenye mipaka, akushughulikie na NIE, namba ya utambulisho ya wageni.

Kobe88: Kama unawazia ukaazi, viza ya wanunuzi wa nyumba waliifuta Aprili 2025.

Msafiri_Mpole: Hilo sikuwa nalo kichwani, nataka pa kupumzikia tu. Nimemwandikia dalali: sisaini kabla ya nota simple. Kanijibu eti kuna mnunuzi mwingine analipa kesho.

Bi Subira: Huyo mnunuzi namfahamu. Hata kwangu alikuwepo.