Ukuta wa bafu una rangi ya mafuta, naandaaje kabla ya tailizi?

MkaziTabata: Habari wakuu. Bafu ni la zamani, ukuta wa bloku. Lipu ilipakwa puti ya jipsamu (unga laini wa kusawazisha ukuta), halafu rangi ya mafuta. Fundi anataka kudonoadonoa kwa tindo, apake uji wa saruji na kubandika tailizi za porcelaini 30x60. Inatosha?

LipuNaTimazi: Haitoshi, mkuu. Tailizi itashika puti, na jipsamu ikilowa inalainika na kuachia ukuta. Kwangua rangi na puti yote mpaka uione lipu yenyewe. Kisha igonge lipu kwa mpini wa nyundo, hasa chini karibu na sakafu na kuzunguka koki. Panapolia kama debe tupu, bomoa mpaka kwenye bloku, hata ikiwa ni nusu ya ukuta.

Mabomba yabadilishwe sasa, yajaribiwe kwa presha kabla ya kufukiwa. Lipu mpya: ndoo 1 ya saruji kwa 4 za mchanga wa mto uliochekechwa. Lowesha bloku kwanza. Mkono mmoja (yaani tabaka moja) usizidi sm 1.5, pakihitaji zaidi, kwaruza wa kwanza ukiwa mbichi, wa pili upige ukishakauka. Mwagilia siku 7. Tafadhali, maji ya kisima cha chumvi msitumie, wala mchanga wa pwani! Chumvi hutoka baadaye kama unga mweupe na kusukuma lipu nje.

BafuKavu: Naongezea: grauti (kijazio cha mianya kati ya tailizi) hupitisha maji, kwa hiyo kizuia maji kinapakwa ukutani kabla ya tailizi. Mikono miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza. Kwenye pembe na kiungo cha ukuta na sakafu laza utepe wa wavu katikati ya mikono hiyo. Penye bomba la mvua (shawa) panda mpaka m 2, kwingine sm 30 kutoka sakafuni.

MkaziTabata: Asanteni. Lipu nisubiri muda gani? Na uji wa saruji je?

LipuNaTimazi: Wiki 3 hadi 4, masika zaidi, maana lipu husinyaa ikikauka na kupasua kilichobandikwa juu yake. Uji wa saruji achana nao: porcelaini hufyonza maji chini ya 0.5%, haushiki. Nunua gundi ya tailizi, ichanwe kwa mwiko wa meno ya mm 10. Kabla ya hapo weka ufito ulionyooka wa m 2 ukutani. Mwanya kati yake na ukuta ukizidi mm 3, sawazisha kwa lipu, usijazie gundi.